Baba Aliyevuka Bahari pamoja na Binti Zake

Mzazi atakaye mtoto wake asome mbali kwa desturi humfungia mzigo, akampa nauli na maneno ya kuagana, akamsindikiza hata stesheni au bandarini. Kisha hurudi nyumbani kungoja barua. Ndivyo tufanyavyo sisi, na ndivyo wafanyavyo watu wa mataifa mengi. Lakini katika habari za Bara Hindi tumekuta mzazi mmoja aliyefanya vingine. Alifunga nyumba yake, akamchukua mkewe na binti zake wawili, wakavuka bahari wote pamoja, wakakaa ugenini karibu miaka minne, ili mabinti wale wapate kusoma. Jina lake Govin Chunder Dutt, mtu wa Calcutta, mji ambao sasa waitwa Kolkata. Twaona yafaa kuzisimulia habari zake, kwa kuwa swali lililomkabili yeye lingali likisemwa barazani kwetu: je, binti apelekwe mbali kusoma? Na akipelekwa, nani aende naye?

Akina Dutt walikuwa ukoo wenye mali na elimu, wakikaa mtaa wa Rambagan. Govin alikuwa mtu wa hesabu katika serikali ya Waingereza, naye alikijua Kiingereza hata akatunga mashairi kwa lugha hiyo, yeye pamoja na ndugu zake. Mwaka 1862 alibatizwa, na nyumba yake yote. Mkewe, Kshetramoni, hapo kwanza hakupendezwa na jambo hili; lakini baadaye akawa mwamini thabiti, hata akafasiri kitabu cha dini katika Kibengali. Watoto wao walikuwa watatu: Abju, mwanamume, Aru, binti, na Toru, kitinda mimba, aliyezaliwa tarehe 4 Machi 1856. Walisomea nyumbani kwa mwalimu mzee Mkristo, naye aliwasomesha mashairi marefu ya Milton mara nyingi, hata wakayashika kwa moyo sehemu kubwa, nao ni watoto tu.

Mwaka 1865 Abju alifariki. Wakabaki mabinti wawili.

Hapo ndipo ilipo njia panda ya habari hii. Baba aliyefiwa na mwanawe wa pekee wa kiume, katika nchi ile na katika zamani zile, angaliweza kusema: Elimu imekwisha katika nyumba yangu, hawa waliosalia ni wa kuozwa tu. Wasichana wa Bengal waliolewa wadogo sana, wengi kabla ya kutimiza miaka kumi na miwili. Govin hakusema hivyo. Elimu yote ambayo angempa Abju, na zaidi, aliazimu kuwapa Aru na Toru.

Lakini wangesoma wapi? Katika Calcutta zilikuwapo shule za wasichana, ila hapakuwa na chuo cha kuwapokea. Chuo Kikuu cha Calcutta hakikuwafungulia wanawake mitihani yake mpaka mwaka 1878, na Bethune, shule mashuhuri ya wasichana, haikuwa na madarasa ya chuo mpaka mwaka 1879. Ikambidi baba kutazama ng'ambo ya bahari.

Na bahari kwa watu wa nchi ile haikuwa jambo jepesi. Wahindu wa tabaka za juu waliiita maji meusi. Mtu aliyeyavuka alihesabiwa kuwa najisi, akaweza kutengwa na jamaa zake asile nao wala asiozwe kwao. Mwaka 1868 kijana wa ukoo ule ule wa Dutt, jina lake Romesh Chunder, alitaka kwenda London kufanya mtihani wa kazi kubwa za serikali. Yeye na rafiki yake walitoroka usiku bila kuwaaga wazazi, kwa kuwa walijua wangezuiliwa. Msomaji apime mwenyewe: kama mwanamume alilazimika kutoroka kama mwivi, ilikuwaje kwa wasichana? Govin alikuwa amekwisha kuacha mambo ya tabaka kwa ubatizo wake. Walakini jamaa zake wengi walikuwa bado Wahindu, nao walikuwa na macho na midomo. Mwisho wa mwaka 1869 aliondoka mchana kweupe pamoja na mkewe na mabinti, Aru mwenye miaka kama kumi na mitano, na Toru kumi na mitatu. Husemwa kwamba hao walikuwa wasichana wa kwanza wa Kibengali kufika Ulaya.

Walitua kwanza Ufaransa, wakakaa katika mji wa Nice, kando ya bahari ya kusini. Hapo mabinti waliingia shule, wakajifunza Kifaransa miezi michache. Jambo la kustaajabisha ni kwamba katika maisha yao yote hiyo ndiyo shule ya pekee waliyopata kuketi madawatini. Miezi michache tu! Lakini lugha ile ilimwingia Toru kana kwamba ameinyonya kwa mama yake. Hata walipokuwa wamekwisha kuhamia Uingereza, vita vilipotokea kati ya Wafaransa na Wajeremani mwaka 1870, na Paris ikashindwa mwanzo wa mwaka 1871, msichana huyu wa Calcutta aliandika katika kitabu chake cha kila siku maneno ya huzuni kama mtu aliyefiwa.

London walipanga nyumba, wakaletewa walimu, wakafundishwa na muziki. Kisha, mwaka 1871, baba akawahamishia Cambridge.

Hapa yatupasa kukaa kidogo, maana wengi hudhani kwamba Wazungu walikuwa na vyuo vya wanawake tangu kale. Sivyo. Chuo Kikuu cha Cambridge kina umri wa zaidi ya miaka mia saba, na muda mwingi wa miaka hiyo hakikumpokea mwanamke hata mmoja. Oktoba 1869, wakati akina Dutt walipokuwa wakijitayarisha kwa safari, ndipo wanawake watano wa Kiingereza walipoanza masomo katika nyumba ya kupanga mjini Hitchin, mbali na Cambridge; ndiyo asili ya chuo kiitwacho Girton. Mwaka 1870 walimu wachache wa Cambridge walianza kutoa mafundisho maalumu kwa wanawake. Mwaka 1871 bibi mmoja, Anne Clough, alipewa nyumba katika barabara ya Regent Street akae na wanafunzi watano waliotoka mbali, na humo ndimo kilimoota chuo cha Newnham. Basi Govin aliwafikisha binti zake mlangoni wakati mlango wenyewe ulipokuwa umefunguliwa kidole kimoja tu. Aru na Toru walihudhuria mafundisho yale. Cheti cha digrii hawakupewa, wala Waingereza wenzao hawakupewa. Cambridge haikuwakubalia wanawake digrii kamili mpaka mwaka 1948.

Na wazazi walikuwapo. Hilo ndilo tunalolipenda zaidi katika habari hii. Jioni mabinti waliporudi kutoka masomoni, hawakurudi katika bweni la wageni. Walirudi kwa mama yao. Waliweza kusema Kibengali, wakasali pamoja, wakamweleza baba waliyoyasikia, naye, kwa kuwa ni mtu wa vitabu, akaweza kuuliza na kubisha. Twawajua vijana waliokwenda mbali peke yao wakarudi na elimu, lakini wamekuwa wageni kwa wazazi wao, hata mazungumzo ya chakula cha jioni yawashinda pande zote mbili. Toru na baba yake hawakupatwa na hayo. Msomaji aweza kusema: Huyo alikuwa tajiri, nani kwetu aweza kufunga nyumba miaka minne? Ni kweli, nasi hatumwambii mkulima auze shamba lake. Lakini mali walikuwa nayo matajiri wengi wa Calcutta, na hatusikii kwamba walifanya hivyo.

Hapo Cambridge Toru alipata rafiki, Mary Martin, binti wa kasisi mmoja. Walipoagana mwaka 1873, familia iliporudi Calcutta, walianza kuandikiana, na Mary alizihifadhi barua zote. Zikapigwa chapa mwaka 1921. Katika barua hizo twaona gharama ya safari ile, ambayo haikuwa ya fedha. Msichana aliyezoea kutembea na kusikiliza walimu wakuu alirudi katika mji ambamo wanawake wa daraja yake walikaa ndani. Hakuwa na marafiki wa rika lake. Jamaa wa Kihindu walimhurumia kwa kuwa hajaolewa. Alikuwa na paka wake, na farasi wawili aliowapa majina ya Kifaransa, na bustani ya nyumba yao ya shamba huko Baugmaree, na vitabu. Alimwandikia rafiki yake kwamba anaitamani hewa huru ya Ulaya.

Tena Aru alifariki tarehe 23 Julai 1874, kwa kifua kikuu. Dada hawa wawili walikuwa na shauri: Toru aandike hadithi, na Aru, aliyekuwa na mkono wa kuchora, aitilie picha. Hakuna picha hata moja iliyochorwa.

Toru hakuweka kalamu chini. Mwaka 1876 alitoa kitabu cha mashairi ya Wafaransa aliyoyafasiri kwa Kiingereza, karibu mia na sitini na tano. Manane yalikuwa kazi ya marehemu Aru. Kilipigwa chapa Bhowanipore, karibu na nyumbani, kwa karatasi hafifu, bila dibaji. Mwezi wa Agosti mwaka ule Edmund Gosse, mhakiki wa vitabu, alikuwa amekaa katika ofisi ya gazeti moja la London, akinung'unika na mwenye gazeti kwamba hakuna kitabu cha maana cha kusoma. Posta ikaleta kifurushi chembamba chenye stempu za Bara Hindi. Mwenye gazeti akamtupia mkononi. Gosse alikichukua bila tumaini, akakisoma, akastaajabu, akakisifu mbele ya Waingereza. Na mwaka 1877 André Theuriet akakisifu mbele ya Wafaransa.

Kisha Toru aligeukia lugha ya kale ya nchi yake, Kisanskriti, asome hadithi za mababu ambazo mama yake alikuwa akiwasimulia. Na baba? Aliketi akajifunza pamoja naye, mtu mzima mwenye mvi akawa mwanafunzi mwenzake wa binti yake. Kwa hadithi hizo Toru alitunga mashairi kwa Kiingereza, yaliyotoka London mwaka 1882. Mojawapo ni juu ya mti mkubwa wa bustani yao, ambao chini yake watoto watatu walicheza. Mti huo wenyeji wa pwani yetu waujua sana: ni mvinje, ule uliao upepo uvumapo. Toru asema kwamba hata katika pwani za mbali, ng'ambo, aliisikia sauti yake.

Tarehe 30 Agosti 1877 naye alifariki kwa ugonjwa ule ule wa dada yake, mwenye miaka ishirini na mmoja. Akazikwa katika makaburi ya CMS, chama kile kile cha misioni kilichojenga shule nyingi Uganda na Mombasa.

Ni rahisi kusema kwamba baridi ya Uingereza ndiyo iliyowaua, na kwamba baba angaliwaacha nyumbani wangaliishi. Sisi hatukubali. Mauti yalikwisha kuijua nyumba ile: Abju hakuuona Ulaya, naye alitangulia kufa. Kifua kikuu katika zamani zile hakikuwa na dawa, kiliua Calcutta kama kilivyoua London. Kama wasingalisafiri, pengine wangalikufa vilevile, na leo hapana mtu ambaye angejua kwamba waliishi.

Baada ya mazishi Govin alifungua makaratasi ya binti yake. Humo alikuta hadithi nzima kwa Kifaransa, imekwisha tangu mwanzo hata mwisho, pamoja na mwanzo wa hadithi nyingine kwa Kiingereza. Ile ya Kifaransa aliipeleka Paris, ikapigwa chapa mwaka 1879, na dibaji yake ikaandikwa na Clarisse Bader, bibi Mfaransa ambaye Toru alikuwa akiandikiana naye na hawakuonana kamwe. Baba alifariki mwaka 1884, miaka miwili baada ya mashairi ya mwisho ya Toru kutoka.