Ligi Mbili katika Mji Mmoja

Mtu aketiye uwanjani kutazama mpira haioni ligi. Aonacho ni wachezaji ishirini na wawili, mwamuzi na wasaidizi wake, na magoli mawili yaliyoelekeana. Ligi yenyewe haishikiki wala haionekani, kwa kuwa si kitu ila mapatano baina ya watu: kwamba klabu hizi, wala si zile, zitashindana mwaka huu, kwamba zitakazokuwa mkiani zitashuka daraja na nyingine zitapanda, kwamba fedha zitagawanywa kwa kanuni fulani. Mapatano hayo yakidumu, hakuna ayakumbukaye. Yakivunjika, hata mtoto wa shule hutambua kwamba yalikuwapo. Katika mji wa Nairobi yamevunjika zaidi ya mara moja, na mwanzoni mwa mwaka wa 2015 yalivunjika vibaya sana hata nchi moja ikawa na ligi kuu mbili, kila moja ikidai kuwa ndiyo ya halali. Ni vema kueleza jinsi mambo yalivyofika hapo.

Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka wa 1963, mwaka ule ule wa uhuru. Bingwa wa kwanza hakutoka Nairobi bali Nakuru, nayo ni timu ya Nakuru All-Stars. Mwaka uliofuata Luo Union ikatwaa ubingwa, na mwaka wa 1965 taji likateremka pwani kwa Feisal ya Mombasa. Majina haya yatuonyesha klabu za siku zile zilikuwa za namna gani. Kijana aliyeacha kijiji chake akaja mjini kutafuta kazi hakumjua mtu. Katika klabu ya watu wa kwao alipata wa kuzungumza naye kwa lugha ya mama, wa kumsaidia akiugua, na timu ya kushangilia siku ya Jumapili. Klabu ilikuwa chama cha kufaana kabla ya kuwa timu ya mpira.

Upangaji upya wa kwanza ulifanywa na klabu zenyewe. Mwaka wa 1964 klabu kadhaa za Waluhya ziliungana zikawa Abaluhya. Mwaka wa 1968 Luo Union na Luo Stars zikaungana zikaizaa Gor Mahia, nayo ikatwaa ubingwa katika mwaka ule ule wa kuzaliwa kwake, jambo ambalo mashabiki wake hawachoki kulisimulia. Yasemekana Tom Mboya alikuwa na mkono katika muungano huo. Mboya aliuawa kwa risasi mwaka wa 1969 katika barabara ambayo leo yaitwa Moi Avenue, katikati ya mji. Sanamu yake imesimama hapo tangu mwaka wa 2011, na mashabiki wa Gor Mahia hukusanyika chini yake wakiimba kabla ya kuelekea uwanjani. Apitaye hapo siku ya mechi kubwa hahitaji kuelezwa kwamba klabu ya mpira yaweza kuwa kumbukumbu ya watu wake.

Upangaji wa pili ulitoka kwa serikali. Mnamo mwaka wa 1980 klabu ziliamriwa kuacha majina ya makabila. Abaluhya ikawa AFC Leopards, na Gor Mahia, ambayo jina lake ni la mtu wa hadithi na si la kabila, ikabaki na lake. Majina yalibadilika lakini nyimbo za jukwaani hazikubadilika, na miaka iliyofuata ilikuwa ya fahari: mwaka wa 1987 Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika ilipotoka sare mara mbili na Espérance ya Tunis, mabao mawili kwa mawili ugenini na bao moja kwa moja Nairobi, na kushinda kwa hesabu ya mabao ya ugenini.

Baada ya fahari hiyo ulikuja mteremko mrefu. Mapato ya mlangoni yalikuwa madogo, na klabu zilinung'unika kwamba hata hayo madogo hazijui yanakokwenda. Viongozi wa shirikisho waligombana wao kwa wao. Ndipo mwaka wa 2003 baadhi ya klabu zilipofanya jambo geni katika nchi yetu: ziliunda kampuni, Kenyan Premier League, ambayo wenye hisa ni klabu zenyewe. Miongoni mwa walioongoza fikira hiyo alikuwamo Bob Munro wa Mathare United, klabu iliyozaliwa katika mpango wa vijana wa mtaa wa Mathare. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuelewa. Shirikisho na lishughulike na timu ya taifa, waamuzi na mpira wa vijana. Ligi na iendeshwe na wale wanaolipa mishahara ya wachezaji.

Hoja nyepesi si lazima ikubaliwe upesi. Kwa muda mashindano yaligawanyika, serikali ikaingia kati, na FIFA, ambayo haipendi serikali yoyote iguse chama cha mpira, ikaifungia Kenya katikati ya mwaka wa 2004 kwa miezi kama miwili. Ilifungiwa tena kuanzia Oktoba 2006 hadi Machi 2007. Mara zote mbili mchezaji wa kawaida, asiyejua katiba ya shirikisho wala hati ya kampuni, ndiye aliyekosa mechi za kimataifa. Hata hivyo kampuni iliokoka katika dhoruba hizo, ikatambuliwa, na kituo cha televisheni cha SuperSport kutoka Afrika Kusini kikanunua haki za kuonyesha mechi zake. Kwa mara ya kwanza klabu ya Kenya iliweza kutarajia fedha ambazo hazikutegemea hali ya mvua wala wingi wa watu langoni.

Hapa yafaa tutazame mbali kidogo, maana fedha za televisheni zimepanga upya michezo katika nchi nyingine pia. Huko Marekani vyuo vikuu hucheza mpira wao, ambao huchezwa zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu, katika miungano ya vyuo. Muungano mmoja wa pwani ya Pasifiki ulianzishwa mwaka wa 1915, na baadaye ukaitwa Pac-12 kwa kuwa ulikuwa na vyuo kumi na viwili. Mwezi wa Juni 2022 vyuo viwili vya Los Angeles vilitangaza kuuhama vifuate fedha nono za matangazo katika muungano wa Big Ten. Mwaka uliofuata vingine vinane vikauhama, kila kimoja na njia yake. Ulipoanza msimu wa 2024 vilisalia viwili tu, Oregon State na Washington State. Stanford na California, vyuo vilivyo karibu na maji ya Pasifiki, siku hizi vinacheza katika muungano wenye jina la bahari ya Atlantiki.

Kuna tofauti moja kubwa, nayo ndiyo ufunguo wa ugomvi wa Nairobi. Katika miungano ile ya Marekani hakuna kupanda wala kushuka daraja. Chuo huingia kwa kualikwa, na mwaliko hufuata thamani yake sokoni. Kwetu timu ya mtaa wowote, hata iwe haina kiatu cha akiba, yaweza kupanda ngazi moja baada ya nyingine hadi ikutane na Gor Mahia. Kwa hiyo swali la idadi ya klabu katika ligi kuu, ambalo kwa mgeni laonekana kama swali la hesabu tu, kwetu ni swali la nani ataruhusiwa kupanda na nani atagawana naye mkate.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 2015. Shirikisho, ambalo tangu uchaguzi wa 2011 liliitwa Football Kenya Federation na kuongozwa na Sam Nyamweya, lilisema ligi iwe na klabu 18. Kampuni, chini ya uenyekiti wa Ambrose Rachier, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa Gor Mahia, ilisema zibaki 16. Shirikisho lilikuwa na hoja: Kenya ni kubwa, mikoa mingine haina hata klabu moja katika ligi kuu, na klabu zilizomo haziwezi kuachiwa zifunge mlango kwa ndani. Kampuni nayo ilikuwa na hoja: mikataba na wadhamini imefungwa kwa klabu 16, kuongeza mbili ni kuongeza mechi, safari na gharama, na fungu la kila mmoja litapungua. Mwandishi huyu aona kwamba shirikisho lilikuwa na haki katika shabaha na kosa katika njia, kwa maana huwezi kuibadilisha hesabu ya wageni wakati chakula kimekwisha kupakuliwa.

Hakuna aliyekubali kurudi nyuma. Shirikisho likatangaza ligi yake, likaipa jina la ligi kuu na kuanza kuchezesha mechi. Kampuni nayo ikaanza yake, pamoja na Gor Mahia, AFC Leopards na Tusker. Mafahali wawili walikuwa katika zizi moja. Mchezaji alijiuliza kama mabao yake yatahesabiwa. Mwamuzi alijiuliza kama akichezesha huku ataadhibiwa kule. Shabiki wa Kawangware aliyepanda matatu ya 46 hadi katikati ya mji, kisha akatembea hadi uwanja wa Nyayo, hakuwa na hakika kama alichokwenda kukitazama ni mechi ya ligi au ni mechi ya kirafiki yenye kiingilio. Hiyo ndiyo hasara ambayo haiandikwi katika vitabu vya fedha. Bao likifungwa na mtu hajui kama ni bao, furaha yake hukatika nusu.

Mwezi wa Machi pande mbili zilipatana. Ligi ya kampuni ikaachwa iwe ligi kuu yenye klabu 16, na ile ya shirikisho ikawa daraja la pili. Mnamo Septemba mkataba wa miaka mitano ukatiwa saini, wa kuiachia kampuni uendeshaji hadi Septemba 2020. Gor Mahia ilimaliza msimu ule bila kufungwa hata mechi moja, kana kwamba ugomvi wa ofisini haukuihusu.

Utulivu haukudumu. Nick Mwendwa alichaguliwa rais wa shirikisho mnamo Februari 2016, na klabu 18 zikarudi mezani. Safari hii shirikisho lilishinda. Mwaka wa 2017 Kariobangi Sharks, Nzoia Sugar, Nakumatt na Zoo ya Kericho zilipanda pamoja, na ligi ikawa na klabu 18. Mnamo Aprili mwaka ule SuperSport ikaondoka. Mtu aweza kusema mlango ulifunguliwa siku ile ile karamu ilipokwisha, naye hatakuwa mbali na kweli. Kampuni ya michezo ya kamari ya SportPesa, iliyoipa ligi jina lake, nayo ikajitoa mwaka wa 2019 ilipokosana na serikali juu ya leseni na kodi. Mkataba wa miaka mitano ulipokwisha Septemba 2020 haukufanywa upya, na shirikisho likaitwaa ligi. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, serikali ikalivunja shirikisho lenyewe. FIFA ikaifungia Kenya mnamo Februari 2022, ikaifungulia mwezi wa Novemba. Katika uchaguzi wa Desemba 2024 uongozi ulikwenda kwa Hussein Mohammed.

Katika misukosuko hiyo kuna klabu moja ambayo haitajwi sana, nayo ni ya vitongoji vya magharibi. Ilizaliwa Kawangware mwaka wa 2003, mwaka ule ule wa kampuni, ikaitwa World Hope. Mwaka wa 2005 ilitwaa kombe la taifa, jambo kubwa kwa timu ya mtaa wa nyumba za mabati. Baadaye ilishirikiana na baraza la mji na kubadilishwa jina, ikawa Nairobi City Stars. Ilikuwa ndani ya ligi ya klabu 16 wakati wa ugomvi wote wa 2015. Mwisho wa msimu wa 2016 ikashuka daraja, yaani ilitoka mlangoni wakati ambapo viti viwili zaidi vilikuwa vikiletwa ndani.

Ilikaa daraja la pili, ikapata wafadhili wapya, ikajengwa tena, na mwaka wa 2020 ikapanda. Msimu ulianza mwezi wa Novemba, majukwaa yakiwa matupu kwa sababu ya maradhi ya korona. Ligi waliyoiacha mikononi mwa kampuni waliikuta mikononi mwa shirikisho, yenye jina jingine na mdhamini mwingine. Vijana wa Kawangware walivaa jezi zao, wakaingia uwanjani kucheza.