Zimamoto wa Bombay na Moto wa Fort Stikine

Meli ya mizigo Fort Stikine ilifunga gati Bombay, India, tarehe 12 Aprili 1944, ikitokea Birkenhead, Uingereza, kwa njia ya Mfereji wa Suez na Karachi. Ilibeba tani zipatazo 1,400 za mabomu, makombora na baruti, pamoja na ndege za kivita na miche ya dhahabu. Karachi iliongezewa marobota 8,700 ya pamba, mapipa ya mafuta ya mitambo, mbao na salfa. Sehemu ya pamba ilipangwa chini kabisa katika tumbo namba 2, kisha baruti ikawekwa juu yake, ndani ya tumbo lilelile. Wakati wa amani, meli ya baruti hupakuliwa ikiwa nangani, kwa matishari, mbali na makazi ya watu. Vita vililegeza sharti hilo, na Fort Stikine ikaingizwa katika Gati la Victoria, jirani na maghala na mitaa iliyojaa watu.

Siku ya Ijumaa tarehe 14, makuli waliporudi kutoka kula chakula cha mchana waliona moshi ukipanda kutoka tumbo lile. Mabaharia walitangulia kumimina maji, na kikosi cha zimamoto cha mji kikaitwa. Yalifika magari mawili tu. Kilichokuwa melini kilipojulikana ndipo magari mengine yakaagizwa.

Askari hao wa zimamoto walikuwa hodari wa kuzima moto wa maghala na maghorofa. Katika nyumba, zimamoto huvunja mlango au dirisha akaufikia moto ulipo, na maji anayomwaga hutiririka nje. Meli ni sanduku la chuma. Moto hujificha chini asikofika mtu, moshi humzuia anayetaka kushuka, na maji yakiingia hubaki humohumo. Miaka miwili kabla, huko New York, meli ya abiria Normandie ilimiminiwa maji mengi mno wakati wa kuzimwa moto hata ikalala ubavu palepale gatini.

Bombay maji yalileta balaa la namna nyingine. Pamba iliyoshindiliwa robotani huungua polepole ndani kwa ndani, na maji hayapenyi upesi. Tena huelea. Zaidi ya tani 900 za maji zilipigwa melini alasiri ile, na kadiri maji yalivyopanda ndivyo marobota yanayofuka yalivyosogezwa karibu na baruti. Rangi ya ubavu wa meli ilipoanza kuvimba kwa joto, ikajulikana moto ulipo hasa. Kikatafutwa kifaa cha gesi cha kukatia chuma ili litobolewe tundu la kupitishia mipira ya maji, lakini kifaa hicho kiligoma kufanya kazi.

Juu ya gati wakubwa walikuwa wengi na mwenye kauli ya mwisho hakuwapo. Palizungumzwa kuizamisha meli, lakini kina cha maji gatini kilikuwa kidogo mno kuufunika moto. Palizungumzwa pia kuivuta hadi bahari kuu. Nahodha alikuwa na mamlaka juu ya meli yake, wakuu wa bandari juu ya gati, mkuu wa zimamoto juu ya mipira na watu wake, na maofisa wa jeshi ndio waliozijua baruti. Dakika zilizopotea katika mashauri hayo ndizo zilizowagharimu askari maisha yao, kwa kuwa muda wote huo walikuwa sitahani wameshika mipira, na chuma kikiwaunguza nyayo.

Saa 9:50 alasiri ilitolewa amri ya kuihama meli. Saa 10:06 ikalipuka. Mlipuko wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza, ulifuata saa 10:34. Meli zilizokuwa karibu zilivunjwavunjwa, na vipande vya pamba inayowaka vikanyesha juu ya paa za mji. Vipimo vya mitetemo ya ardhi vilivyokuwa Shimla, umbali wa kilomita 1,400 hivi, viliunasa mshindo huo. Waliokufa walikuwa mamia, na kwa hesabu nyingine zaidi ya elfu moja. Miongoni mwao walikuwa zimamoto 66. Mkuu wao alinusurika. Waliobaki, pamoja na wanajeshi na raia, walipambana na moto wa mjini kwa siku tatu. Kuondoa kifusi na kuzifungua tena gati kulichukua miezi saba.

Mwaka 1947 jambo kama hilo lilirudi Texas City, Marekani, pale meli Grandcamp, iliyobeba mbolea ya amonia naitreti, ilipolipuka na kuua 27 kati ya zimamoto 28 wa mji ule. Miongozo iliyoandikwa baadaye kwa vikosi vya nchi kavu huanzia mahali Bombay ilipokwama: kuitazama orodha ya shehena kabla ya kufungua maji, kupima kiasi cha maji yanayoingia melini, na kupanga mapema ni nani mwenye amri.

India iliifanya tarehe 14 Aprili kuwa Siku ya Taifa ya Zimamoto, na vikosi vya nchi nzima huwakumbuka siku hiyo wale 66.