Kushusha

Kitenzi shusha kimetokana na shuka: k ya mwisho imegeuka sh ili kuleta maana ya kusababisha, kama waka na washa, amka na amsha. Kwenye daladala abiria husema "shusha" akifika kituoni. Gereji zimekipa kazi mbili zaidi, na tofauti yake ni kubwa.

Mwenye Toyota Altezza, saluni ndogo ya michezo iliyotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, akiambiwa injini inashushwa, maana yake inatolewa ili ikarabatiwe. Kwa kawaida injini hiyo huinuliwa kwanza kwa winchi; shusha hapa linatazama mwisho wa safari, injini ikiwa chini kama mzigo uliotoka kwenye lori.

Kushusha gari ni kupunguza kimo chake kwa springi fupi. Springi zikikatwa ovyo, shokapu huchakaa upesi na tairi hukwaruza bodi. Katika njia za mawe za Sekei, miteremkoni mwa Mlima Meru, sampo ya oili huweza kugonga mawe. Oili ikivuja bila kugunduliwa, gari lililoshushwa hurudi gereji kushushwa injini.