Wazazi Wakikorofishana, Mtoto Akimbilie Wapi?

Katika kaya ya Kisukuma ya zamani, mume na mke wakigombana, mtoto hakukosa pa kwenda. Bibi alikuwa hapo hapo uani, baba mkubwa hakuwa mbali, na mvulana alikuwa na shikome, moto wa jioni wa wanaume. Si kwamba alisikilizwa. Hatima yake iliamuliwa na ng'ombe: mahari ikitolewa, watoto ni wa ukoo wa baba, isipotolewa, wanahesabiwa kwa mama. Mtafiti Hans Cory aliziandika mila hizo kitabuni mwaka 1953.

Waislamu wa Pwani wana njia yao. Qurani, Sura An-Nisaa aya ya 35, inaagiza mwamuzi mmoja kutoka kwa jamaa wa mume na mwingine kwa jamaa wa mke. Ndoa ikivunjika, madhehebu ya Shafii yanampa mama malezi ya mtoto mdogo. Akifikia umri wa kupambanua mambo, yapata miaka 7, anaulizwa mwenyewe aende kwa nani. Napenda kwamba anaulizwa, ila swali hilo lina makali. Mtoto anayemchagua mama mbele ya baba amebebeshwa kesi ya watu wazima. Msukuma alimnyima mtoto sauti, lakini alimwepusha na lawama.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 imechota huku na kule: baraza la usuluhishi kwanza, kisha mahakama ipime na matakwa ya mtoto.

Sasa nenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu au Rwamgasa, Geita. Rashi, yaani mbio za dhahabu mpya, ikitangazwa, mwanaume anafuata duara, shimo la kuchimbia, mwanamke anafuata wateja wa chakula, wanaanza maisha bila mahari wala mshenga. Sheria itawadhania kuwa wanandoa wakishakaa pamoja miaka 2, lakini bibi wa mtoto yuko mbali, Kwimba. Wazazi wakigombana, mtoto anaishia mialoni, wanakooshea mchanga wa dhahabu, na watu wanamsifu kwa kujituma! Human Rights Watch waliripoti mwaka 2013 juu ya watoto wanaoshika zebaki kwenye machimbo ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Umaskini ndio unaowapeleka wengi, ila kwa baadhi, mwalo ni mahali pasipo kelele za wazazi.

Kwangu mimi, mila ya Kisukuma ilikosea kuhusu ng'ombe, ikapatia kuhusu bibi. Jirani wa machimboni, ukimkuta mtoto nje usiku, mpe pa kulala, na asubuhi mwarifu afisa ustawi wa jamii. Kesi ya wazazi wake waachie baraza na mahakama.