Mita Sitini Kutoka Majini

Hoteli niliyolala kwa siku nne mwezi wa Juni mwaka jana mjini Bukoba haitoi maji kwenye vyumba vya juu, feni zake zinaning'inia tu, na bei ya chumba ni ileile ya gesti ya kawaida kule Hamugembe. Dirisha linafunguka nusu. Lakini hiyo nusu inatosha kuona ziwa mpaka kisiwa cha Musira, na asubuhi wavuvi wakirudi unasikia wanavyobishana bei kabla hujatoka kwenye neti. Mhudumu wa mapokezi aliniambia, sijataja hata jina langu, kwamba hoteli "inasubiri ukarabati". Ndoo ya maji ya kuoga ikachelewa: inasubiri ukarabati. Kitasa kikagoma: inasubiri ukarabati. Kufika siku ya pili nilishaanza kusikia maneno hayo kama cheo cha jengo.

Sitaitaja jina, kwa sababu ruhusa ya kuingia stoo niliipata kwa sharti hilo. Niseme tu kwamba ni jengo la ufukweni, lilikuwa mali ya umma, likauzwa, na mwenye nalo yuko Dar es Salaam. Nasoma shahada ya uzamili ya historia na nilikuwa natafuta majengo ya namna hiyo. Nyumbani hawakunielewa. Kwetu ni Izimbya, na shangazi yangu aliuliza swali ambalo hata kamati ya utafiti haikuniuliza: "Una ndugu hapo mjini watatu, unalipa hela ukalale kwenye jengo bovu?"

Swali la shangazi lina historia ndani yake. Kwa mtu wa Izimbya ziwa si mahali pa kwenda kupumzika. Wahaya wengi tulijenga mgongoni mwa vilima, kwenye kibanja, ndizi na kahawa zikizunguka nyumba, na ziwa tukaliachia wavuvi na Mugasha, mungu wa maji na dhoruba, ambaye hakuwa mtu wa mzaha. Mwenye akili alijenga palipo na udongo. Nani ajenge juu ya mchanga, aangalie maji yasiyooteshwa kitu?

Aliyejenga ni aliyekuja kwa maji. Emin Pasha alifika hapa mwishoni mwa 1890 akiwa katika utumishi wa Wajerumani, na kituo alichokianzisha kiliwekwa ufukweni kwa sababu ya wazi kabisa: msaada, barua na risasi vingetoka ziwani. Juni 1915, katikati ya Vita Kuu, Waingereza walivuka kutoka Kisumu, wakashuka karibu na mji, wakapigana kwa siku mbili, wakaangusha mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani, wakapora mji na kuondoka. Baadaye, chini ya Waingereza haohao, meli za reli ya Uganda zilikuja kuchukua kahawa. Ukitembea leo kutoka bandarini hadi uwanja wa ndege, ambao nao njia yake ya kurukia inaanzia karibu na maji, unapita kwenye ramani ya watu wa kupita. Forodha, bandari, ofisi, uwanja, hoteli. Vyote vimelipa ziwa uso na kuupa mji kisogo.

Kwa hiyo nilipoingia stoo nilitegemea kukuta mabaki ya starehe za wakoloni na, baada yao, watalii. Wanafunzi wa historia tunaandaliwa kutegemea hivyo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilijiingiza yenyewe katika biashara ya utalii, na kupitia Shirika la Utalii la Tanzania ikamiliki hoteli za ufukweni kama Kunduchi na Bahari Beach, na loji za mbugani kama Lobo na Ngorongoro. Mwaka 1970 mjadala mkali ukazuka katika gazeti la The Standard, ambalo lilikuwa limetaifishwa Februari mwaka huohuo na kukabidhiwa kwa mhariri Frene Ginwala. Vijana wa TANU wa Chuo Kikuu waliuliza inawezekanaje nchi inayojenga ujamaa itumie fedha zake adimu kujenga vitanda vya matajiri wa Ulaya na Marekani. Waliogopa utegemezi, na zaidi ya utegemezi waliogopa tabia: kijana wa Kitanzania anayejifunza kuinama na kutabasamu ili apewe bakshishi. Waliotetea walijibu kwa neno moja zito, fedha za kigeni. Issa Shivji alikusanya mjadala huo katika kitabu kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1973, na mpaka leo ukisomea historia ya utalii nchini huwezi kukikwepa.

Naupenda sana mjadala ule. Unanitia hata wivu kidogo, maana sijui ni gazeti gani leo lingetoa kurasa kwa wanafunzi waulize hoteli ni ya nani. Lakini pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja bila kulijadili: kwamba mgeni wa hoteli ya ufukweni ni Mzungu.

Stoo ya Bukoba ilikuwa na maboksi ya vigae, masinki mawili yaliyovunjika, na vitabu vya wageni. Kila aliyewahi kulala gesti Tanzania anavijua: daftari kubwa lenye mistari, safu zimechorwa kwa rula. Jina. Kabila. Kazi. Anatoka. Anakwenda. Sahihi. Mlinzi, mzee aliyeanza kazi hapo akiwa kijana wa jikoni, alinisaidia kuvitoa nje kwenye baraza na kuvikung'uta. Vingine mchwa walikuwa wamevimaliza katikati, vikabaki majalada na pembe. Vingine vilikuwa vizima kabisa, wino wa bluu umegeuka kahawia.

Nikaanza na katikati ya miaka ya 1970. Kwenye safu ya Kazi niliona afisa kilimo, mkaguzi wa shule, fundi wa posta, karani wa ushirika, nesi, hakimu, afisa kilimo tena. Wazungu walikuwepo, wengi wao wa misheni na hospitali. Waliojiandika kuwa ni watalii hawakujaza vidole vya mkono mmoja. Anatoka: Mwanza, Mwanza, Biharamulo, Dodoma, Mwanza. Hawa hawakuja kuogelea. Walikuja semina, kukagua, kupima kahawa, kuhamishwa. Walilala mbele ya ziwa kwa sababu hoteli ilikuwa karibu na meli, na walilipiwa na ofisi.

"Hao wa ofisi ndio walikuwa wasumbufu, waitu," mzee aliniambia. "Mzungu wa misheni anakula ulichompa. Mkaguzi anataka sato, na anataka asione mwiba."

Nikamuuliza kama aliona aibu kuwahudumia. Alinitazama muda mrefu. Akasema alikuwa na sare mbili nyeupe, na kwamba kwao Kanyigo hakuna mtu mwingine wa rika lake aliyekuwa na mshahara.

Sidhani kwamba jibu lake linawafuta vijana wa 1970. Hofu yao ilikuwa ya kweli, na ukienda leo hoteli kubwa za Nungwi ukaona wanakijiji wanavyozungushwa nyuma ya ukuta ili wafike pwani yao wenyewe, utawapa pointi. Lakini utumishi waliouogopa ulikuwa tayari umeshapata bwana mwingine. Bwana huyo alikuwa na kaunda suti, hati ya safari na lugha ileile ya mhudumu.

Safu ya Kazi inaonyesha pia mambo ambayo vitabu vya historia huyataja kwa sentensi moja. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. Chama cha Bukoba, kilichoanzishwa 1950 na wakulima wa kahawa, kilikwenda na vingine. Katika kitabu cha wageni watu haohao, kwa sahihi zilezile, wanaacha kuandika "ushirika" na wanaanza kuandika "mamlaka ya kahawa". Mmoja wao, mwandiko wake umeinamia kushoto, aliwahi kuandika ushirika, akakata mstari, akaandika mamlaka juu yake. Nilikaa na ukurasa huo kuliko ukurasa mwingine wowote.

Halafu vita. Mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, na hilo liliziumiza sana hoteli za kaskazini zilizowategemea wageni wa kutoka Nairobi. Bukoba, ambayo haikuwa na watalii wa kupoteza, pigo lake lilitoka upande mwingine. Oktoba 1978 ndege za Idi Amin zilidondosha mabomu hapa, majeshi yake yakavuka na kuchukua eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, na mapema Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Watu wengi wa mjini walikimbia. Kitabu cha miezi hiyo sikukiona. Kinachofuata ni cha 1979, na safu ya Kazi imejaa neno moja, JWTZ, ukurasa baada ya ukurasa. Anakwenda: Mutukula. Anakwenda: Masaka. Kisha, baada ya Aprili: Kampala. Mzee anasema hawakulipa na hakuna aliyewadai.

Miaka ya 1990 naipita haraka, kwa kuwa hadithi yake inajulikana nchi nzima. Mashirika ya umma yaliuzwa, hoteli nazo. Kilicho cha Bukoba peke yake ni tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Hakuna familia mjini ambayo haikuguswa. Hoteli iliyoishi kwa abiria wa meli ikabaki inatazama maji ambayo watu hawakutaka tena kuyatazama. Mzee anasema kwa miezi kadhaa wageni waliomba vyumba vya nyuma, vinavyoangalia barabara.

Sasa ukarabati wenyewe. Nilidhani tatizo ni fedha, na fedha ni sehemu yake. Kuna ufa unaopanda kutoka chumba cha chini hadi kwenye paa, wa tetemeko la Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, lililoua watu wasiopungua 17 mkoani na kubomoa shule za Ihungo na Nyakato. Ihungo imejengwa upya. Ni nzuri, imara, na haifanani hata kidogo na ile waliyoisoma baba zetu.

Tatizo kubwa zaidi ni mita sitini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa ziwa. Nilipima kwa hatua kutoka majini hadi baraza: hatua thelathini na moja. Kwa hesabu za mzee, aliyesikiliza mabishano ya wakubwa akiwa amebeba sinia, ukilibomoa jengo hili hulijengi tena hapa, na usipolibomoa huna wa kukuhakikishia kwamba ufa utavumilia. Ndiyo maana linasubiri.

Na ukingo wenyewe hautulii. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961, mwaka na msimu uleule wa uhuru wa Tanganyika, zilianza kulipandisha ziwa, na kufikia 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. Mei 2020 likafikia kimo kile tena na kukipita kidogo. Ngazi mbili za chini za baraza ziko ndani ya maji, zimeota ukijani, na watoto huzitumia kufulia viatu. Waliojenga walikuwa mbali na maji. Maji ndiyo yaliyosogea.

Kuna wanaoniambia libomolewe tu, na siwacheki. Nyumba ya msonge ya Kihaya iliishi kwa kuezekwa upya, nyasi zikichoka zinashushwa na nyingine zinapanda, na hakuna aliyelia juu ya nyasi. Lakini msonge haukuhitaji mwekezaji ndipo uezekwe. Na nikiwaza majengo yaliyosubiri sana, nawaza Beit el Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, ikachakaa miaka mingi mbele ya macho ya wote, na tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa wameshaanza kazi, upande wake mmoja ukaanguka na kuua wawili.

Mimi siombi jengo libaki. Ninachokitaka ni vile vitabu. Msimamizi aliniambia bila ubaya wowote kwamba stoo itasafishwa siku ya kwanza ya kazi, maana takataka hutangulia. Nilipiga picha kurasa 236 kwa simu, mchana, barazani, mzee akishikilia karatasi upepo usizipindue. Vimebaki vitabu vinne na nusu. Mzee ameahidi kwamba akiona lori la mafundi atavibeba kwa baiskeli mpaka kwake, avilaze chini ya kitanda, na nikimpigia kila mwisho wa mwezi kumjulia hali anaanza na hilo kabla hata sijamaliza shikamoo: bado hawajaja.