Fungu la Mji, la Ukanda na la Mbali: Upambanuzi wa Vyanzo vya Chembe Hewani

Kolwezi, mji wa migodi wa Lualaba huko Kongo, ukifika mwezi wa nane, jua huwa jekundu mapema kabla ya kuzama, na ukiuliza sababu utapewa jibu moja: vumbi la migodi. Jibu hilo si la uongo, ila halijakamilika. Kazi ya kujua limepungua nini ndiyo wanasayansi wa hewa wanayoifanya wanapochukua chembe zilizonaswa kwenye kichujio na kuuliza kila sehemu imetoka wapi. Kwa Kiswahili kazi hiyo naiita upambanuzi wa vyanzo.

Tuanze na chembe zenyewe, kwa maana neno "vumbi" linatupotosha. Vumbi ni kile unachokifuta mezani. Chembe kubwa zinazotimuliwa na lori kwenye barabara ya udongo hutua baada ya dakika au saa chache, nyingi zikiwa hazijafika mbali. Zile zinazoitwa PM2.5, zenye kipenyo kisichozidi mikrometa 2.5 (unywele wa mtu una mikrometa kama 50 hadi 70), hazitui upesi. Hukaa hewani siku kadhaa, hata wiki, zikasafiri mamia au maelfu ya kilomita, na zikivutwa hufika ndani kabisa ya mapafu. Nyingi kati yake hazikuwahi kuwa udongo. Ni moshi, au ni gesi iliyogeuka chembe ikiwa njiani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linashauri wastani wa chembe hizi kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo. Hizo PM2.5 basi naziita "chembe laini", na "vumbi" nawaachia wenye fagio.

Kuhusu sehemu ya kila chanzo, wengi huandika "mchango". Mimi neno hilo silitaki hapa. Mchango hutolewa kwa hiari, kwenye harusi au matanga, na sijasikia bomba la kiwanda likijitolea. "Mgao" nao umeshatekwa na shirika la umeme. Lipo "fungu", neno ambalo kila aliyenunua nyanya sokoni analijua: rundo limegawanywa, kila sehemu inaonekana peke yake. Kwa hiyo upambanuzi ni kazi, fungu ni jawabu lake.

Lualaba inadai mafungu matatu, si mawili. La kwanza ni la mji. Humo mna mashimo ya Kamoto na Musonoi, mitambo ya Luilu, malori yanayoelekea Likasi na Kasumbalesa, tanuri za matofali, na majiko ya makala. Mna pia mitaa kama Kasulo, ambako kuanzia 2014 watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2018 walichokikuta huko: kobalti nyingi katika vumbi la ndani ya nyumba, na nyingi katika mkojo wa wakazi, watoto wakizidi. Asitokee basi wa kusema kwamba chembe kubwa, kwa kuwa hazisafiri, hazidhuru. Zinadhuru palepale zilipo.

Fungu la mbali huja na upepo. Watu wa pwani wanaijua kusi, na ndugu yake wa bara huvuma Lualaba wakati huohuo wa kiangazi, kutoka mashariki na kusini-mashariki. Ndio msimu ambao misitu ya miombo ya Zambia, Angola na Kongo yenyewe inawaka: mashamba yanasafishwa, malisho yanachomwa yachipue, wanyama wanatimuliwa kwa moto. Kusini mwa ikweta, Afrika ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazoungua zaidi kila mwaka, na setilaiti huiona mioto hiyo siku kwa siku.

Katikati kuna fungu la ukanda, yaani ukanda wa shaba. Kutoka Kolwezi hadi Kitwe, Zambia, kuna mlolongo wa migodi. Upande wa mashariki iko migodi ya Tenke na Fungurume, na kuvuka mpaka kuna viyeyushio vya Solwezi na Mufulira. Shaba ya salfaidi ikiyeyushwa hutoa dioksidi ya salfa. Wakazi wa Mufulira waliizoea hata wakaipa jina, "senta". Gesi hiyo isiponaswa kiwandani, sehemu yake hugeuka salfeti hewani baada ya saa au siku, kwa hiyo chembe huzaliwa mbali na bomba lililotoa gesi. Aliye chini ya bomba anawashwa koo. Chembe anazipokea mwingine.

Upambanuzi unafanywaje? Kila chanzo kina alama yake ya kikemia. Shaba na kobalti huelekeza kwenye madini, silika na alumini kwenye udongo, potasiamu na sukari iitwayo levoglukosani kwenye kuni na nyasi zilizoungua. Hapo ndipo wengi hukosea, kwani kemia hujibu "nini", haijibu "wapi". Levoglukosani ya tanuri la matofali la Kolwezi na ya moto wa nyika wa Zambia ni ileile. Lazima uongeze njia ya upepo, inayokokotolewa kurudi nyuma, na uongeze saa. Usiku wa Juni na Julai, kwenye uwanda huu wa mita zaidi ya 1,400, baridi huifunga hewa karibu na ardhi, na moshi wa mji hurundikana hadi asubuhi. Jua likipanda hewa huchanganyika, moshi wa mji hupungua, na ule uliopita juu usiku kucha huweza kushuka. Kipimo kinachopanda na kushuka kila siku kinausema mji. Kinachopanda polepole kwa siku nne au tano kinasema mengine.

Njia rahisi zaidi ilielezwa Berlin mwaka 2001 na Lenschow na wenzake: pima nje ya mji, pima ndani, toa. Lakini Kolwezi "nje" ni wapi? Kipimo kikiwekwa mashariki, kinakotoka upepo, kitapokea Fungurume. Ndiyo sababu nasisitiza mafungu matatu, na ndiyo sababu hesabu ya vituo viwili haitoshi.

"Mbali" nayo inategemea umesimama wapi. Kwa Dilolo, mpakani na Angola, Kolwezi ndiyo mbali. Wala moshi hauishii Dilolo: kati ya 2016 na 2018 ndege za NASA, katika mradi wa ORACLES, zilipima moshi wa kusini mwa Afrika ukielea juu ya mawingu ya Atlantiki. Kuhusu hewa inayovuka mipaka hivyo, nchi za SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, zilikubaliana Lusaka mwaka 2008 juu ya mfumo wa sera ya hewa ya kanda, lakini makubaliano hayapimi chembe. Fungu la mji lina wa kuulizwa: mwenye mgodi anaweza kumwagia barabara maji kesho asubuhi. Fungu la ukanda litahitaji kipimo kimoja upande wa mashariki wa migodi, kingine Kolwezi, na cha tatu Dilolo. Ukiondoa mioto iliyowaka njiani, tofauti kati ya Dilolo na mashariki ndiyo, kwa makadirio, ambayo ukanda wa shaba umeiongeza wenyewe, Kolwezi ikiwamo.