Kenya na mashindano yaliyotuponyoka: nani alaumiwe?

1/ Siasa za viwanja zikipamba moto, lazima usikie: "Serikali ile ndiyo ilitukosesha mashindano." Mimi nasomea sayansi ya siasa, nyumbani ni Voi. Hebu tuangalie historia kwanza.

2/ Kombe la Mataifa ya Afrika 1996 tulikuwa tuliandae sisi. Maandalizi yakakwama, likaenda Afrika Kusini. Wakalibeba.

3/ CHAN 2018 pia tulipewa. Septemba 2017 CAF ikatupokonya: viwanja havijaisha, nchi imeshikwa na joto la uchaguzi. Moroko wakaandaa, wakabeba.

4/ Serikali mbili tofauti, kosa moja: kuchelewa. Hata CHAN tuliyoandaa 2025 na Uganda na Tanzania ilisogezwa kutoka Februari hadi Agosti.

5/ Na mechi zote za Kenya zilichezwa Kasarani. Sisi Voi tuliumia mbele ya TV, Madagaska wakitutoa kwa penalti robo fainali.

6/ Sasa tuna AFCON 2027, sisi watatu tena. Na 2027 ni mwaka wa uchaguzi, kama 2017. Mwanasiasa akija Voi kulaumu wenzake, muulize tu: uwanja upi, pesa ngapi, unaisha lini? Na Taita Taveta tutabaki na nini?